Kisiwa cha Katoni

Maneno hayo Clémentine aliyasikia kwa muuza chumvi sokoni Kashikishi, siku ya Jumanne, na tangu hapo hayakumtoka kichwani: kwamba kuna karatasi inayoita watoto ziwani.

"Ni karatasi kubwa, iko na rangi," muuza chumvi alisema, huku akisawazisha chumvi juu ya kopo kwa kiganja. "Mutoto anaiangalia, anaiangalia, kisha anasimama, anaenda ku mayi. Kule juu mutoto moja alisha kuenda. Mama yake anatafuta mpaka leo."

"Na ile karatasi ilitoka wapi?"

"Eh, mama, unaniuliza miye? Miye ninauzisha chumvi."

Wanawake wakacheka. Clémentine naye akacheka, lakini kicheko kilimkauka mdomoni kabla wenzake hawajanyamaza. Karatasi kubwa yenye rangi alikuwa ameiacha nyumbani asubuhi ileile, sakafuni, na binti yake amelala kifudifudi mbele yake.

Njia ya kurudi Nchelenge aliitembea nusu akikimbia, chumvi ikimwagika kwenye pindo la kitenge.

Binti ni Régine, miaka kumi na miwili. Wawili waliomtangulia walizikwa ng'ambo, Zaire, na tangu hapo Clémentine hakuweza kusikia mtoto akikohoa bila kuacha kazi yake. Mume wake, Mulumba, alikuwa amevuka kwenda Kasenga na bidhaa, wiki ya pili sasa. Na ile karatasi, kusema kweli, haikuwa karatasi. Ilikuwa katoni ya sabuni iliyofunguliwa ikatandazwa, mchezo wa watoto.

Mchezo wenyewe haukuwa wao tangu mwanzo. Mwalimu Mable alikuwa nao mmoja wa kizungu, wa safari ya baharini: meli, wanyang'anyi, sanduku la dhahabu, na vijumba mia moja vya kuruka mpaka ufike. Siku za mvua aliwaruhusu watoto wa darasa la tano waucheze. Shule ilipofungwa mwezi wa nne, mwaka ule wa sabini na sita, akaufungia kabatini, akaenda kwao. Régine na Beauty, mjukuu wa mvuvi wa nyumba ya pili, wakanuna siku mbili. Siku ya tatu wakaanza kutengeneza wa kwao.

Bahari waliitoa, hawakuwahi kuiona. Wakachora ziwa la mbele ya nyumba zao kwa bulu ya kufulia: gati, mawe ya kufulia nguo, mdomo wa kijito, nyavu za Chalwe, mjomba wa Beauty, na bidon, madumu meupe yanayoelea kuonyesha zilipo. Meli zikawa vizibo vya chupa. Dadu hawakuwa nayo, basi wakachoma punje tano za mahindi upande mmoja. Unazirusha, na nyeusi zinazotazama juu ndizo hatua zako. Wanyang'anyi wakawa mamba. Kadi walizikata kwenye majalada ya madaftari, na Régine, mwenye mwandiko mzuri, akaandika: "Kiboko amelala. Zunguka mbali, rudi vijumba vitatu." Nyingine: "Polisi wa mupaka. Hauna karatasi, kosa zamu mbili." Ile ya polisi hata watu wazima walikuja kuisoma, wakashika mbavu.

Mwisho wa safari palikuwa na kisiwa kidogo cha kijani. Hapo, alivyotunga Régine, hakuna mamba, hakuna polisi, hakuna mtu anayeweza kukugusa. Mchezo wa kizungu haukuwa na mahali kama hapo.

Clémentine aliupenda mchezo huo. Mtoto anayechora ni mtoto ambaye hayuko majini, ndivyo alivyowaza, mpaka Jumanne. Jumanne alipoingia ndani hakuuliza kitu. Aliichukua katoni, akaikunja, akaisukuma chini ya magunia ya samaki wa chumvi.

"Mama! Tulikuwa tunacheza!"

"Muchezo imeisha."

"Juu ya nini?"

"Juu miye ninasema."

Habari ya muuza chumvi hakumwambia. Aliona aibu kuiamini, na aliogopa kutoiamini.

* * *

Jumatano asubuhi alikuwa kwenye vichanja, anageuza samaki. Jua lilipoanza kuuma aliingia ndani kuchukua kitenge cha kujifunika kichwa, kile chekundu alicholetewa na Mulumba kutoka Lubumbashi, na akakuta kona moja haipo. Imekatwa kwa wembe, sawasawa kabisa.

"Régine!"

Akatoka nje, kitenge mkononi.

"Régine, kama ni weye umekata hii kitenge, leo utanijua!"

Nyuma ya ua wa choo cha jirani, kichwa cha Beauty kikachungulia, kikamwona, kikarudi haraka. Kule kurudi kwa kichwa ndiko kulikomshtua Clémentine. Hasira ikamtoka yote kwa mara moja.

"Beauty. Kuya hapa."

"Miye siko na kitu, ba mama."

"Régine iko wapi?"

Beauty akaangalia vidole vya miguu yake. "Nilimukataza."

"Ulimukataza nini?"

"Nilimuambia kisiwa yake iko uongo. Akasema iko kweli. Nikasema basi enda uiguse. Ilikuwa masihara tu, ba mama!" Sauti ikaanza kukatika. "Juu ulificha katoni. Akasema haizuru, kisiwa yenyewe iko pale, ataenda kusimamisha bendera. Akasema hata mama akificha katoni, bendera itaonekana."

"Pale wapi?"

Beauty akanyoosha mkono ziwani.

Kila asubuhi, kwa miezi miwili, watu wote wa mtaa ule walikiona: kipande cha kijani juu ya maji, mbele ya mawe, mafunjo marefu na kijiti kimoja kama mti, na ndege weupe wametua. Mtu akifungua mlango, kipo. Akifunga mlango, kipo.

Mkono wa Beauty ukabaki hewani.

Hakikuwepo. Palikuwa na maji tu, yanang'aa mpaka kwenye mbingu.

* * *

Babu ya Beauty, mzee Jairos, alikuwa mchangani anashona nyavu. Alipoambiwa hakupiga kelele. Aliangalia kwanza mahali alipofunga mtumbwi wake mdogo, akaona kigingi peke yake, na nkafi, kasia lake fupi, haipo.

"Bwato yangu ndogo," alisema polepole. "Ile inayovuja."

"Tata Jairos, kisiwa iko wapi? Kisiwa inaenda wapi?"

"Bana Régine," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wake kama Wabemba wanavyofanya kwa heshima, "ile haikuwa kisiwa. Ni mafunjo. Yanakatika ku mudomo wa muto Luapula wakati mayi inajaa, yanatembea, yanashikwa mahali, yanakaa. Mwezi moja, miezi miwili. Siku upepo inageuka, yanaenda. Siye yote tunajua."

"Na batoto banajua?"

Mzee akaweka nyavu chini, akainuka kutafuta mashua.

Saa ile mashua zote zilikuwa kazini. Iliyobaki yenye injini ilikuwa moja, ya Kafula, mnunuzi wa samaki, naye amekaa juu ya ukingo wake anabangua karanga. Mwezi uliopita Clémentine alikataa bei yake mbele ya watu, akamwambia kwa bei ile akanunue mawe. Soko lilicheka siku nzima. Kafula hakusahau.

"Mafuta iko kidogo," alisema baada ya kusikiliza. "Kuenda upande moja na kurudi, basi. Na miye ninangoja muzigo." Akatia karanga mdomoni. "Lakini mutu akiomba muzuri... Uko huku miaka ngapi, mama Kongo? Mine? Kila siku Kiswahili, Kiswahili, kama huku ni kwenu. Leo omba mu Bemba. Kama mwanamuke wa huku."

Clémentine akapiga magoti mchangani. Akakusanya viganja, akapiga makofi taratibu, kama alivyowaona wanawake wakifanya mbele ya wakwe zao.

"Napapata mukwai, ba Kafula." Naomba, kwa heshima yako.

Wapakuaji wa mizigo wakacheka.

"Sauti, mama! Siku ya mawe sauti ilikuwa kubwa!"

"Napapata mukwai."

Vicheko vikapungua. Mara ya tatu alicheka Kafula tu. Alipojisikia yuko peke yake, akatupa maganda ya karanga majini, akasimama.

"Simama, simama, mama. Muingie. Tunaenda wapi?"

Na hilo hakuna aliyelijua.

* * *

"Ni hesabu ya mutoto ya darasa la kwanza," Kafula alisema. "Upepo inasukuma hivi, mafunjo imeenda kule kwenye mayi marefu. Mutoto alifuata mafunjo, iko juu yake. Tunaenda kule."

"Kama alipanda," Jairos alisema. "Kama hakupanda, bwato inasukumwa namna ingine. Mayi ya kijito inaipeleka upande wa huku."

"Na mafuta iko ya upande moja, mudala," Kafula alimjibu mzee. "Sema moja."

"Katoni," Beauty akasema, sauti yake ndogo. "Njia yake iko mu katoni."

Clémentine akakimbia nyumbani. Akavuta magunia kwa mikono miwili, akarudi na katoni inanuka chumvi na samaki, akaitandaza mchangani, akaweka jiwe kila pembe. Kadi zikamwagika.

Jairos hakujua kusoma herufi, lakini ziwa alilijua. Akainama juu ya katoni kama mtu anayekagua mtumbwi kabla ya kuununua.

"Mawe, iko sawa. Mamba hapa, kweli kabisa, yeye analalaka hapo, nani alibaambia? Muzuri. Hii kijito, mudomo yake bameweka sawa kupita mapu ya serikali." Kidole chake kigumu kikasogea. "Hii, hapana. Nyavu ya Chalwe haiko hapa tena. Kiboko aliipasua siku ya Mungu, Jumapili ile, Chalwe akaihamisha huku, karibu na kijito. Na kisiwa bameichora na wino, kama iko na mizizi." Akatafuta, akatafuta tena. "Beauty. Upepo mulichora wapi?"

"Upepo hatukuchora, bashikulu."

"Ziwa bila upepo," mzee alisema.

Clémentine alikuwa ameokota kadi. Alizisoma moja moja, kidole chini ya kila neno, alivyofundishwa na masista mpaka darasa la tatu, na alichukia kila herufi kwa kuwa ndefu. Polisi. Kiboko. Mamba. Halafu hii: "Umepoteza njia. Usipige nkafi. Tafuta bidon ya nyavu, funga bwato, ngoja mwenye nyavu."

"Hii iliandikwa na nani?"

"Na Régine. Bashikulu alitusimulia, siku alipotea mu ukungu, alifanya vile." Beauty akajifuta pua kwa mkono. "Miye sipendi ile kadi, ba mama. Unakaa, unakaa, mpaka mwenzako akufikie. Ikinitokea ninaifichaka chini ya mukeka."

"Na Régine?"

"Yeye anangojaka. Hata akishindwa."

Kafula akapiga ukingo wa mashua kwa kiganja. "Mama, upepo haingoji. Tunafuata mafunjo, ama tunafuata muchezo ya batoto?"

Wote wakamtazama mama. Clémentine aliangalia maji marefu, aliangalia upande wa kijito. Akisema nyavu, na mtoto yuko juu ya yale majani, jioni mtoto atakuwa mahali ambapo hakuna mashua inayofika, na ni yeye mama aliyempeleka huko kwa mdomo wake. Alitamani Mulumba awepo ili amlaumu. Kisha alimwona Régine sakafuni, kizibo mkononi, nyeusi mbili zimetokea badala ya tatu alizozihitaji, na hakuna anayemwangalia. Na kizibo kikasogea hatua mbili.

"Nyavu," alisema.

* * *

Mashua ikatoka. Jairos alisimama mbele, Kafula alishika injini, Clémentine alikaa katikati na katoni juu ya magoti, ameikumbatia bila kujua. Mawimbi yalikuwa mafupi na ya hasira. Mtumbwi unaovuja, aliwaza. Mtumbwi unaovuja, na mtoto asiyejua kuogelea, na mimi nilikuwa nageuza samaki.

Bidon ya kwanza ilikuwa peke yake, inarukaruka. Ya pili pia, peke yake, na juu yake ndege. Kafula akatikisa tangi, akasikiliza, akamtazama mzee.

"Mudala, tukiendelea hatutaweza kugeuka tena ku mafunjo."

"Endelea," Clémentine alisema.

Jairos akainua mkono.

Mbali, doa jeupe. Kando yake, juu kidogo ya maji, kitu chekundu. Clémentine alikijua kabla ya kukiona vizuri. Kilikuwa kona ya kitenge chake, imefungwa kwenye fimbo.

Mtumbwi ulikuwa umejaa maji nusu. Régine alikaa ndani yake mpaka kiunoni, midomo ya majivu, anachota maji kwa kikombe cha bati na kuyamwaga nje, anachota, anamwaga, kama mtu aliyesahau kuacha. Kamba ilikuwa imezungushwa kwenye bidon kwa mafundo matatu. Mashua ilipomkaribia hakupunga mkono.

"Mwenye nyavu ni ba Chalwe," alisema, meno yakigongana. "Siyo ninyi. Kadi inasema mwenye nyavu."

"Régine!"

"Nifungue?"

"Fungua, mutoto. Ba Chalwe alitutuma," Jairos alisema kwa upole, na hapo tu ndipo mtoto alipoachia kikombe.

Clémentine alimvuta ndani, akampiga mgongoni mara mbili kwa nguvu zake zote. Mara ya tatu mkono ulishuka ukabaki palepale, haukuondoka mpaka ufukoni.

"Nilikuwa karibu, mama. Nikanyosha mukono nishike majani, ikaenda. Nikapiga nkafi, ikaenda tena. Nikasema sasa kisiwa inanikimbia. Kisha sikuona nyumba."

Walipofika mchangani Kafula aliizima injini, akakaa anachezea kamba yake.

"Mama Régine. Yale ya magoti..."

Hakumaliza, na Clémentine hakumsaidia kumaliza.

* * *

Jumamosi soko lilikuwa tayari na habari yake. Karatasi imemwita mtoto wa mama Kongo, amekaa chini ya maji tangu asubuhi, ametolewa hai. "Si nilisema?" muuza chumvi aliwauliza wateja. Wanawake wakamshauri Clémentine aichome kabla ya Jumapili.

Alirudi na kiberiti. Alikaa mbele ya mafiga na katoni mkononi, na Régine na Beauty wamesimama mlangoni wanamwangalia. Akawaza: ndiyo iliyompeleka. Akawaza tena: ndiyo iliyomfungia kamba. Na kama siku ile ya Jumanne ningeinama nikauliza, hii ya kijani ni nini, angeniambia, na mimi ningejua, maana nami nilikuwa naiona kila asubuhi.

Akakirudisha kiberiti juu ya dirisha, akamwita mzee Jairos.

Alasiri nzima walikaa chini, mzee na wasichana wawili, wakirekebisha. Nyavu zilihamishwa. Mishale ya upepo ilichorwa kwa mkaa. Kisiwa kilisuguliwa kwa kitambaa chenye maji, na Régine alilia kidogo kikifutika, kisha wakakata kipya kwenye jalada la daftari, kipande kinachosogezwa, na kuandika kadi yake: "Upepo umegeuka. Kisiwa kinaenda vijumba vitano. Aliye juu yake anaenda nacho." Beauty aliapa kwamba hatazificha kadi tena, na wote wakajua kwamba atazificha.

Clémentine akaigeuza katoni. Nyuma ilikuwa tupu. Akachukua kipande cha mkaa, na kwa herufi kubwa zilizopanda na kushuka akaandika, akaitundika ukutani upande wa njia, kwa saa ambazo wasichana hawachezi, ili wanaokwenda ziwani wasome:

YA KUEPUKA

Usiite mafunjo kisiwa. Kisiwa kina udongo.

Usikanyage mafunjo hata yakisimama mbele ya mlango wako miezi miwili.

Usichukue mtumbwi wa mtu bila kumwambia. Hatajua kukutafuta.

Usipige nkafi kama huoni nyumba.

Ukisha kufunga kwenye bidon usifungue mpaka mtu afike.

Usimwambie mwenzako enda uguse.

Usikate kitenge cha mama.

Usicheke mtu aliyepiga magoti.

Usimnyang'anye mtoto kitu ambacho hujakiangalia.

Na ninyi wakubwa: musione mafunjo kila asubuhi na kunyamaza.